Usalama mtandaoni katika shule ya msingi: mwongozo kamili kwa mwalimu mkuu

Mtoto wa darasa la nne alisimama mlangoni mwa ofisi yangu wakati wa mapumziko, simu ya mama yake ameifumbata kwa mikono miwili. Akasema, "Mwalimu, kuna mtu ananiomba picha." Nikamjibu kwa swali ambalo hadi leo naona haya kulirudia: "Na wewe ulikuwa unafanya nini huko?" Hapo hapo akafunga kinywa. Akasema hamna kitu, alikuwa anatania. Ilichukua wiki tatu, na upole wa mwalimu mwingine, kuyapata yale aliyokuja kunieleza kwa dakika moja.

Viongozi wengi wa shule wakisikia maneno "usalama mtandaoni" huwaza mitambo: kichujio cha kuzuia tovuti mbaya, fundi, nywila. Vyote vina nafasi yake na nitavifikia. Ila hatua zote zilizomo humu nimezipima kwa kipimo kimoja: mtoto akikutana na jambo baya huko, je, atakuja kusema? Na akishasema, mtu mzima aliye mbele yake atajua la kufanya? Kanuni yoyote inayomziba mtoto mdomo, hata ikiwapendeza wakaguzi, itupe.

Hatua ya kwanza: sikiliza kabla hujaandika chochote

Sera nyingi huandikwa na mtu aliyejifungia ofisini akikumbuka intaneti ya miaka kumi iliyopita. Anapiga marufuku kitu ambacho watoto walishakihama zamani. Kwa hiyo anza na karatasi. Kila mtoto wa madarasa ya juu apewe kipande kisicho na jina, chenye maswali mafupi:

- Ukiwa nyumbani unatumia simu au kishikwambi cha nani?
- Huwa unaingia wapi zaidi: michezo, video, au makundi ya kuchati?
- Umewahi kuandikiwa na mtu usiyemjua? Ulifanyaje?
- Umewahi kuona kitu kikakutisha au kukutia aibu?
- Jambo baya likikupata huko, utamwambia nani?

Yasome majibu ya swali la mwisho kabla ya mengine yote. Mara ya kwanza nilipoliuliza, jibu lililojirudia lilikuwa "simwambii mtu", na sababu walizoziandika pembeni kwa penseli zilikuwa karibu zile zile: nitapigwa, nitanyang'anywa simu. Yule wa mtandaoni hawakumwogopa sana. Walituogopa sisi.

Tahadhari moja. Sanduku la karatasi zisizo na majina linaweza kubeba kilio cha mtoto, na kilio hicho hakingoji hadi muda wa kusahihisha upatikane. Kabla ya kugawa karatasi, amua nani atazisoma jioni ile ile. Waambie watoto pia kwamba anayetaka kuzungumza na mtu aandike jina lake nyuma. Watoto wadogo wasioweza kuandika sana wape kalamu za rangi, wachore wanachokifanya kwenye simu, kisha mwalimu apite akiuliza, "Huyu ni nani? Anasema nini?"

Siku hiyo hiyo fanya na hesabu ya vifaa. Shule ina kompyuta ngapi, vishikwambi vingapi, nani ana nywila ya ruta, nani anamiliki ukurasa wa shule kwenye mtandao wa kijamii? Msishangae mkikuta kwamba ukurasa ulifunguliwa na mwalimu aliyehama miaka mitatu iliyopita, na bado funguo anazo yeye.

Ukishapata majibu, yapange. Watafiti wa Ulaya wanaoshughulikia watoto na intaneti huzigawa hatari katika mafungu manne, na mgawanyo huo unasaidia sana: kile mtoto anachokiona (ngono, ukatili, uzushi), mtu anayewasiliana naye, yale mtoto mwenyewe anayowatendea wenzake, na mitego ya biashara kama michezo inayomvuta kununua au programu zinazokusanya taarifa zake. Walimu wakuu wengi hutumia nguvu zao zote kwenye fungu la kwanza. Katika karatasi za watoto wangu, fungu la tatu ndilo lililojaa: matusi, kutengwa kwenye makundi, picha ya mwenzao iliyochorwa pembe na kusambazwa.

Hatua ya pili: mteue mhusika, na asiwe fundi

Kosa la kawaida ni kumkabidhi kazi hii mwalimu wa kompyuta kwa kuwa "anajua mambo hayo". Fundi anaijua mitambo. Hapa tunahitaji mtu anayekimbiliwa na watoto. Mhusika wa usalama mtandaoni awe ndiye mwalimu wa malezi na ulinzi wa mtoto, au mtu anayefanya naye kazi bega kwa bega. Fundi awe msaidizi wake. Mpe na naibu, maana mambo haya hupenda kulipuka siku mhusika anapougua.

Mpe pia muda. Jina kwenye ubao wa matangazo bila saa hata moja kwenye ratiba ni pambo. Mimi nilimpunguzia mhusika wetu vipindi viwili kwa wiki; walimu wenzake walinung'unika, na nilikubali kunung'unikiwa.

Wewe mwenyewe usijitoe. Mzazi akija na hasira atakutafuta wewe, na suala likimhusu mfanyakazi wa shule ni lako moja kwa moja.

Hatua ya tatu: andika kanuni ambazo mtoto anaweza kuzisoma

Ziwe nyaraka mbili. Moja ni ya watoto, ukurasa mmoja, herufi kubwa, lugha ya darasa la tatu. Nyingine ni ya watu wazima.

Ya watoto isiwe orodha ya "usi-usi-usi". Andika nao. Wape wawakilishi wa madarasa rasimu na kalamu nyekundu, wafute wasilolielewa. Walio kwetu walifuta neno "faragha" wakaandika "mambo yangu". Wamepatia.

Sentensi moja isikose, na nikilazimishwa kuacha zote nyingine ningebaki nayo hii: *Mtoto anayekuja kusema jambo baya lililompata mtandaoni hataadhibiwa kwa kuvunja kanuni ya simu au mtandao.* Chukulia mtoto aliyeleta simu shuleni kwa siri, akaandikiwa na mtu mbaya wakati wa mapumziko. Bila sentensi hiyo, kusema ni kujipeleka kwenye adhabu. Mwenye kumrubuni mtoto anajua hivyo na hutumia maneno hayo hayo: "Ukisema, watakuadhibu wewe." Kanuni yako imwumbue kuwa mwongo.

Kuhusu kupiga marufuku simu shuleni: fanyeni mnavyoona inafaa, au sheria ya nchi inavyotaka. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilikuta kwamba chini ya nchi moja kati ya nne zilikuwa na sheria au sera ya kuzuia simujanja shuleni, na tangu hapo nyingine zimejiunga. Marufuku husaidia utulivu darasani. Lakini kundi la darasa linawaka moto saa tatu usiku, na mabaki ya moto huo yanaingia darasani asubuhi pamoja na mabegi. Shule isiyo na simu hata moja bado ina kazi yote iliyomo katika mwongozo huu.

Waraka wa watu wazima uwe mkali kidogo:

- Mwalimu hamwandikii mwanafunzi mmoja mmoja kwa simu yake binafsi wala kumwongeza kama rafiki kwenye akaunti yake. Ujumbe unapitia kwa mzazi au kwenye akaunti ya shule ambayo mwalimu mwingine anaiona.
- Picha za wanafunzi zinapigwa kwa kifaa cha shule.
- Hakuna kujadili mwanafunzi kwa jina kwenye kundi la walimu.
- Taarifa za watoto haziingizwi kwenye programu za akili mnemba (AI) kwa lengo la kuandika ripoti haraka.

Waraka huu umhusu kila anayekanyaga shuleni: mlinzi, dereva, mpishi, mwalimu wa mazoezi, mtu wa kujitolea. Kila mmoja atie saini.

Hatua ya nne: mitambo

Sasa tuje kwa fundi. Mengi ni ya bure, na nusu ya kazi huisha kwa siku moja.

Badilisha nywila ya ruta iliyokuja nayo kutoka dukani. Tenganisha mtandao wa wanafunzi na ule wa ofisi, ili mtoto asiweze kufika kwenye kompyuta yenye matokeo na taarifa za familia. Kila mwalimu awe na akaunti yake. Ile akaunti moja ya "shule" inayotumiwa na watu kumi na wawili ifutwe, kwa kuwa likitokea jambo hamtajua nani alifanya nini. Akaunti za uongozi ziwekewe uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na msimbo wa pili, kwa mfano ule unaotumwa kwenye simu. Sasisho za programu ziruhusiwe zijiendeshe zenyewe.

Kwa kichujio, njia nyepesi kwa shule ndogo ni kubadilisha kwenye ruta anwani ya DNS, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ambayo kifaa huifuata. Kampuni ya Cloudflare, kwa mfano, tangu mwaka 2020 inatoa huduma ya bure ya familia: ukiandika 1.1.1.3 na 1.0.0.3 kwenye mipangilio ya DNS, tovuti nyingi za ngono na zile zenye programu hasidi hazifunguki kwa kifaa chochote kinachotumia mipangilio ya ruta hiyo. Washa pia SafeSearch (kipengele kinachoficha matokeo ya ngono) kwenye injini ya utafutaji na hali ya vizuizi kwenye YouTube. Shule kubwa yenye bajeti itafute kichujio kinachoweza kutofautisha madarasa na kutoa taarifa.

Kisha kijaribu. Mara moja kwa mwezi mhusika na fundi wakae na kishikwambi cha mwanafunzi, chenye akaunti ya mwanafunzi, wajaribu kufungua vitu visivyofaa, na matokeo yaandikwe kwa tarehe. Nimeona shule iliyolipia kichujio kizuri ambacho kilikuwa kimezimika muhula mzima, kwa sababu mtu alibonyeza kitufe cha kufuta mipangilio ya ruta ikarudi kwenye ile ya kiwandani. Hakuna aliyejua hadi mtoto alipotoka chumba cha kompyuta amepauka.

Kichujio kina mipaka yake. Hakioni kinachopita kwenye bando la simu ya mtoto. Hakiwezi kujua kama ujumbe wenye maneno matamu unatoka kwa shangazi au kwa mhalifu. Na kikikazwa mno kinazuia masomo: mtoto anayetafuta habari za kubalehe au sehemu za mwili anakutana na ukuta, na ataenda kuuliza mahali pabaya zaidi. Kama mnafuatilia wanachokifungua watoto kwenye vifaa vya shule, waambieni waziwazi. Kupeleleza kimyakimya kunavunja ule uaminifu unaoutafuta.

Nywila za watoto wadogo ni somo zima. Mtoto wa miaka sita hawezi kukariri herufi kumi na mbili zenye alama. Tumia kadi za picha pale programu inaporuhusu, au kwa wakubwa kidogo maneno matatu yasiyohusiana, kama "kijikokofiamvua". Urefu unalinda kuliko alama za ajabu. Na tafadhali ondoa ile karatasi ya nywila za darasa zima iliyobandikwa ukutani.

Hatua ya tano: picha na taarifa mnazozitoa ninyi wenyewe

Hapa ndipo shule inapogeuka kuwa hatari kwa watoto wake bila kujua.

Fungua ukurasa wa shule yako, chagua picha moja, iangalie kana kwamba wewe ni mtu usiyemjua mtoto huyo. Mimi nilifanya hivyo na picha ya binti aliyeshinda mashindano ya kusoma. Kwenye shati, nembo ya shule. Kwenye daftari alilolishika, jina lake lote. Nyuma yake ukutani, ratiba ya darasa ikionyesha saa za kutoka. Maelezo chini ya picha yalitaja mtaa anakoishi, kwa kusifia umbali anaotembea kila siku. Tulikuwa tumempa mgeni yeyote duniani jina, sura, njia na saa. Na tulikuwa tumefanya hivyo kwa fahari.

Tangu siku hiyo utaratibu ni huu. Mzazi anatoa ruhusa ya maandishi, ikitenganisha matumizi: ubao wa shule, jarida, mtandao. Anaweza kukubali moja na kukataa nyingine, na anaweza kubadili mawazo. Mtoto naye anaulizwa. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mzazi ametia saini. Picha za mtandaoni ni za kundi, za mgongoni, za mikono ikifanya kazi, na hazina jina. Kama kuna jina, hakuna sura. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera ya shule, kwani picha iliyotumwa kama faili huweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Matokeo ya mitihani yenye majina ya watoto wote hayarushwi kwenye kundi la wazazi.

Programu za akili mnemba zimeongeza uzito wa jambo hili. Siku hizi sura moja safi ya mtoto kwenye ukurasa wa wazi inatosha kutengenezea picha chafu ya uongo. Rudini nyuma mkafute za zamani. Ni kazi ya kuchosha, gawaneni miaka.

Hatua ya sita: fundisha kidogo kidogo, mwaka mzima

Siku ya Intaneti Salama huadhimishwa kila Februari, siku ya Jumanne. Ilianza Ulaya mwaka 2004 na sasa inaadhimishwa katika nchi nyingi. Itumieni, ina shamrashamra nzuri. Lakini maigizo ya siku moja hayamkingi mtoto mwezi Agosti.

Kinachofanya kazi ni dakika kumi na tano kila wiki mbili, ndani ya masomo yaliyopo. Somo la lugha linaweza kuchambua ujumbe wa "tuma kwa watu kumi au mama yako atakufa". Nimeketi nyuma ya darasa la tatu nikisikiliza somo hilo. Mwalimu aliuandika ujumbe ubaoni, akauliza, "Nani amewahi kupata kama huu?" Mikono zaidi ya nusu ikapanda. "Nani alituma?" Mikono ikabaki juu. Mvulana mmoja akasema alituma kwa watu kumi na mmoja, amzidishie mama yake mmoja wa akiba. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaifuta ile sentensi polepole mbele yao, kisha akasema, "Mimi sikutuma mwaka jana. Mama yangu nilizungumza naye jana." Mabega ya darasa zima yalishuka.

Kwa miaka sita hadi minane, mafunzo yawe machache: mwite mtu mzima ukiona kitu kinachokusumbua tumboni, usiseme jina lako, shule yako wala unapokaa, na tofauti ya mshangao na siri. Mshangao ni zawadi ya sikukuu, kila mtu atajua mwishoni na atafurahi. Siri ambayo mtu anakuambia usimwambie mama kamwe, hiyo hupelekwa kwa mtu mzima siku hiyo hiyo. Mafunzo haya yanamkinga na wa mtandaoni na wa jirani vilevile.

Kwa miaka tisa hadi kumi na mitatu, ongeza: mtu anayejiita mtoto wa miaka kumi anaweza kuwa wa miaka arobaini, zawadi ndani ya mchezo ina bei yake, picha ikitoka mkononi hairudi, mashine ya akili mnemba inaongea kama rafiki lakini si mtu, haiwezi kutunza siri na inaweza kukosea kwa kujiamini. Fanyeni mazoezi ya kujibu kwa sauti. "Sitaki." "Namwonyesha mwalimu." "Natoka kwenye kundi hili." Mtoto aliyewahi kuyatamka maneno hayo darasani huyapata mdomoni siku yanapohitajika.

Acheni vitisho. Simulizi za kutisha huwafanya watoto wacheke mbele ya wenzao na kuogopa wakiwa peke yao, na yule ambaye yameshamkuta anajifunza kwamba yeye ni mfano wa aibu.

Wenye ulemavu wa akili, wa kusikia au wa kuona wasisahaulike. Mara nyingi mtandao ndio uwanja wao mkubwa wa marafiki, na masomo ya namna hii huwapita kwa sababu yameandaliwa kwa wengine. Rekebisha vifaa, na rudia mara nyingi zaidi.

Hatua ya saba: saa ya kwanza baada ya mtoto kusema

Hii ndiyo hatua inayostahili mazoezi kama ya kuzima moto. Kila mfanyakazi ajue mambo yafuatayo kwa moyo, maana mtoto hamtafuti mhusika mliyemteua. Anamwambia aliye karibu, hata kama ni mpishi.

Keti, macho yako yawe usawa wa macho yake. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako. Nitakusaidia." Sikiliza bila kumkatiza. Usiulize "kwa nini ulifanya", uliza "halafu ikawaje?" Usiahidi kutunza siri, sema, "Nitamwambia mtu anayeweza kutusaidia tu." Mara akiondoka, andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, saini yako. Mpelekee mhusika siku hiyo hiyo.

Baada ya hapo inategemea jambo lenyewe.

*Ni ugomvi au uonevu wa wenzake.* Hifadhi picha za skrini zikionyesha majina na saa kabla hazijafutwa. Pima kama ni ugomvi wa mara moja kati ya watoto wanaolingana nguvu, au ni mmoja anayeandamwa na wengi, mara kwa mara. Cha pili ndicho uonevu. Ongea na kila mtoto peke yake. Kuwakutanisha aliyeonewa na waonezi "wapeane mikono" siku ya kwanza ni kumwonea mara ya pili. Aliyeonea naye ni mtoto, na mara nyingi nyuma yake kuna jambo.

*Kuna picha ya uchi au ya ngono ya mtoto.* Hapa walimu wema huharibu kwa nia njema. Usiitazame kwa makusudi, usiiprinti, usijitumie "kwa ushahidi", usimwombe mtoto akutumie. Katika nchi nyingi kuwa nayo au kuisambaza ni kosa la jinai hata kwa mwalimu. Usiifute pia. Zima kifaa, kihifadhi mahali pa kufungwa, andika nani amekigusa na saa ngapi, kisha piga simu polisi au idara ya ulinzi wa mtoto. Baada ya wao kuelekeza, kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa: inatengeneza alama ya kidijitali ya picha kwenye kifaa chenyewe, bila picha kutoka humo, na mitandao iliyojiunga huitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

*Mtu anamtishia: tuma pesa au picha nyingine, la sivyo nasambaza.* Asilipe, asiongeze picha, aache kujibu. Akaunti isifutwe, kwani ndimo jina la mhalifu lilimo. Andikeni jina la akaunti, ripotini kwa polisi na kwa mtandao wenyewe, kisha mzuieni. Mtoto huyu asiachwe peke yake siku hizo. Aibu ya namna hii inaweza kumfanya mtoto ajidhuru, na mzazi anapaswa kuambiwa hivyo bila kuzungushwa.

*Anayeshukiwa ni mfanyakazi wa shule.* Usichunguze mwenyewe, usimwite ofisini kumwuliza, usimpe nafasi ya kufuta. Peleka kwa mamlaka siku hiyo hiyo. Sifa ya shule itajitetea baadaye.

Mzazi ajulishwe mapema, isipokuwa kama kuna sababu ya kudhani hatari iko nyumbani; hapo waachie mamlaka waamue. Na kabla mzazi hajaondoka ofisini, kubalianeni kwa maneno ya wazi: mtoto hapigwi, na hanyang'anywi simu kama adhabu ya kusema. Nimemwona baba mmoja akiuvua mkanda njiani kutoka ofisini kwangu. Nilimrudisha, tukaanza upya. Yale ambayo yangempata mtoto yule jioni hiyo yangejulikana darasa zima kesho yake.

Ukimaliza, mrudie mtoto. Baada ya siku mbili, baada ya wiki, baada ya mwezi. Sentensi moja tu: "Hali ikoje?"

Hatua ya nane: wazazi

Mkutano wa hotuba mbili na maombi hauwabadilishi. Waite na simu zao. Dakika kumi za maneno, arobaini za mikono: kila mmoja atafute mipangilio ya faragha, aweke udhibiti wa wazazi, azime ununuzi ndani ya michezo, aone mahali pa kuripoti na kumzuia mtu. Wanafunzi wawili watatu wa darasa la juu wazunguke wakisaidia. Wazazi huona haya kumwuliza mwalimu. Mtoto wa jirani wanamwuliza.

Mtaulizwa kuhusu umri. Ile miaka 13 inayotajwa na mitandao mingi inatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iitwayo COPPA, iliyoanza kutumika mwaka 2000, inayodai idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo. Haimaanishi kwamba wataalamu walipima wakaona miaka 13 ni salama. Australia imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 10 Desemba 2025, mitandao mikubwa ya kijamii inatakiwa kuzuia akaunti za walio chini ya miaka 16. Waelezeni wazazi pia kwamba mtoto aliyedanganya mwaka wa kuzaliwa anahesabiwa na mtandao kama mkubwa kuliko alivyo, na ataonyeshwa mambo ya wakubwa.

Omba makubaliano machache yanayoweza kutekelezeka. Simu zilale sebuleni, za watoto na za wakubwa. Mtoto mdogo atumie kifaa mahali watu wanapopita. Mzazi akague pamoja na mtoto, si kwa kuvizia. Na wazazi wenyewe wasirushe picha za watoto wa wenzao za siku ya michezo bila kuuliza. Kundi la wazazi nalo liwe na kanuni, kwa sababu nimeona watu wazima wakimchambua mtoto wa darasa la pili kwa jina, usiku kucha, na mama yake yumo.

Hatua ya tisa: daftari

Mhusika aweke daftari moja la matukio, la kufungiwa. Kila tukio lina tarehe, lilikuja kwa nani, lilichukuliwa hatua gani, lilifungwa lini. Kila muhula kaa naye kwa muda wa saa moja, na bodi au kamati ya shule ipewe muhtasari usio na majina. Angalieni mkondo: darasa gani, programu gani, saa ngapi. Walimu wapya wapewe mafunzo kabla ya kuingia darasani, na wote warudie mwanzo wa kila mwaka, pamoja na zoezi la kuigiza mtoto anayekuja kusema.

Daftari likijaa baada ya kuanza kazi hii, msiogope wala msilifiche kwa bodi; matukio yalikuwepo, sasa yana pa kwenda. Likikaa miezi mitatu bila mstari hata mmoja, toeni lile sanduku kabatini, kateni karatasi, mrudi darasani na lile swali la tano.